Calamity (Reckoners 3): mwisho ule uliwatosha kweli, au tunajipa moyo tu?

#1 Chuma cha Pua
Wakuu salama. Onyo kabisa: humu kuna spoila za vitabu vyote vitatu vya Reckoners vya Brandon Sanderson (Steelheart, Firefight, Calamity), ambaye hajamaliza apite zake asije kunitupia lawama.

Jana usiku nimemaliza Calamity kwa mara ya pili. Mara ya kwanza ilikuwa 2016 hukohuko kilipotoka, nikakifunga nikabaki naangalia dari, nikasema labda nimechoka. Jana sikuwa nimechoka na bado nikaangalia dari ileile.

Hoja yangu. Kwenye Steelheart tuliwekewa fumbo moja tu: Steelheart, mmoja wa Epic (watu wenye pawa), ana pawa zote zile, risasi haiingii, bomu haliingii, lakini siku anamuua baba yake David (kijana anayesimulia) pale benki alitoka damu. Kwanini alitoka damu? Tukasoma kitabu kizima tunatafuta. Na jibu lilipokuja, kwamba anaumizwa na mtu asiyemuogopa tu, alafu David anamtegea bunduki, Steelheart mwenyewe ndo anavuta trigga na hajiogopi mwenyewe, mimi nilisimama kitandani. Nilisimama kweli.

Sasa Calamity. Nyota nyekundu yenye jina hilo, inayogawa pawa, imening'inia juu tangu ukurasa wa kwanza wa kitabu cha kwanza, miaka mitatu tunasubiri, alafu inamalizwa kwa mazungumzo. Tena mafupi. Kitabu kiliharibikia wapi? Au mimi ndo sijaelewa?

#2 Tembe Mbili
Nimeweka kambi. Na popkoni.

#3 Mzee wa Jalada
Jibu ni rahisi mkuu, haraka. Angalia tarehe. Firefight Januari 2015. Calamity Februari 2016. Katikati hapo Sanderson katoa vitabu vya sirizi nyingine, Shadows of Self Oktoba 2015 na Bands of Mourning mwishoni mwa Januari 2016, yaani wiki tatu tu kabla ya Calamity. Binadamu gani anatoa vitabu viwili ndani ya wiki tatu na vyote viwe vimeiva? Kimoja lazima kiliwe kibichi, na tulichokula kibichi ni hiki.

#4 Zuwena K
Mzee wa Jalada unachanganya siku ya kutoka na siku ya kuandikwa. Kitabu kikitoka Februari mwandishi alishakiacha zamani, kuna mhariri, kuna kusahihisha, kuna kuchapa. Huyo bwana anaweka mpaka mistari ya asilimia kwenye tovuti yake watu wanaona kazi ilipofika. Kutoka pamoja haimaanishi viliandikwa pamoja.

Alafu huyu ndiye aliyemalizia Wheel of Time baada ya Robert Jordan kufariki, cha mwisho kikatoka 2013. Mtu aliyefunga sirizi ya mwenzake yenye vitabu 14 ashindwe kufunga yake ya vitabu vitatu kwasababu ya haraka? Mimi siinunui hiyo.

#5 Mzee wa Jalada
Dada hujanijibu, umenipa sivii yake.

#6 Zuwena K
😂😂 haya baba

#7 Kipanga
Tatizo ni Megan, mpenzi wa David mwenye pawa. Nampenda Megan lakini tatizo ni yeye.

Sanderson ana kanuni yake maarufu kaiandika tangu 2007, kwamba mwandishi ana haki ya kutatua tatizo kwa uchawi kwa kiasi kilekile ambacho msomaji ameuelewa huo uchawi. Ndo maana mwisho wa Steelheart unakukaa, kila kipande ulishakishika mkononi. Sasa Megan kitabu cha kwanza anafanya mazingaombwe, kitabu cha pili tunaambiwa sio mazingaombwe ni vivuli vya dunia nyingine anavivuta huku, kitabu cha tatu anavuta watu wazima wazima. Ukishaweza kuleta kitu chochote kutoka dunia yoyote hilo sio fumbo tena, ni kabati, unafungua unachukua unachotaka.

#8 Dogo Msomaji
Kabati 😭😭😭

#9 Bi Mkora
Kipanga hapo nakukatalia kwa heshima zote. Mipaka ya Megan ipo na imeandikwa. Moto ni udhaifu wake. Akifa anarudi lakini kumbukumbu za muda mfupi kabla ya kufa zinapotea. Na akizidisha kuvuta, ule ukatili unaowapata Epic wakitumia pawa unaanza kumpanda, ndo maana kwenye kitabu cha tatu unamuona anausogeza mkono kwenye moto makusudi ajiunguze arudi kuwa yeye. Mimi hio sehemu niliisoma huku nimekunja vidole vyangu mwenyewe. Mtu anampenda mwenzake mpaka anajichoma ili asimuue. Sasa hilo kabati gani linauma hivyo?

#10 Kipanga
Gharama ipo sikatai. Nachosema mimi ni kwamba sikuweza kubashiri. Steelheart ningeweza kubashiri kama ningekuwa na akili.

#11 Tembe Mbili
"kama ningekuwa na akili" imesajiliwa rasmi mkuu

#12 Mchungaji wa Paka
Niwape kisa changu mcheke. Mimi Calamity nilianzia nacho. Ndio, cha tatu. Nilikikuta kwa rafiki, jalada zuri, hakikuandikwa namba kubwa mbele, nikachukua. Kurasa mia za kwanza nilidhani mwandishi ana mtindo wa ajabu wa kutokueleza kitu. Prof kwangu alikuwa adui tu wa kawaida, anaitwa Limelight, kauteka mji, anatakiwa apigwe. Sikuelewa kwanini David analia lia kuhusu adui. Nikasema huyu kijana ana moyo mwepesi sana kwa kazi hii.

Nikaja kusoma Steelheart baadae nikakutana na Prof yule wa mwanzo, anaongoza timu ya Reckoners wanaowawinda Epic, anawalinda, pawa zake anawagawia wenzake na kuwaambia ni mashine. Aisee niliumia kinyumenyume. Kila akisema kitu kizuri nafsi inasema utawaua hawa.

Kwahiyo mimi mwisho ulinitosha kabisa kwasababu sikusubiri miaka mitatu. Inawezekana kilichowaharibia ni kusubiri.

#13 Chuma cha Pua
Hii ya kusubiri ina ukweli fulani. Lakini jana sikusubiri mkuu, nilisoma vyote vitatu kwa mpigo ndani ya wiki.

#14 Mwana wa Bawaba
Wote mnazunguka. Adui wa kitabu hiki ni Prof. Calamity ni jina la jalada tu. Ukisoma ukijua hivyo kitabu kinasimama vizuri sana. Mwisho wa Firefight yule Epic Regalia kamsukuma Prof mpaka akatumia pawa zake zote kwa mpigo, kageuka, kawaua Val na Exel, watu wake mwenyewe. Swali la kitabu cha tatu ni moja, unamuua mtu aliyekulea au unahatarisha wote umrudishe? Hilo ndo lilikuwa fumbo na lilijibiwa. Udhaifu wake ni hofu ya kushindwa, na wakamfikisha hapo. Mapambano yale ndo mwisho wa kitabu. Kinachofuata ni kufagia.

#15 Zuwena K
Kufagia nyota?

#16 Mwana wa Bawaba
Na nyota pia ni takataka ikishaanguka 😅

#17 Bi Mkora
Mwana wa Bawaba umesema kitu. Na Tia, mwenzao wa timu? Mbona hamumtaji Tia. Watu mnalia nyota haikupigwa vizuri, Tia kafa kwa mkono wa mwanaume aliyekuwa anampenda na hamna hata mmoja kashtuka. Mimi nilikifunga kitabu siku nne. Nilikiweka juu ya kabati (sio la Kipanga) nikawa nakipita kama deni.

#18 Kalamu Kavu
Nimechelewa, nimesoma zote. Mnagusa pembeni ya kidonda.

Kitabu cha kwanza kiliuliza swali zito: ukimpa mtu pawa, anakuwa mbaya kwasababu ya pawa, au ubaya ulikuwepo tu na pawa zimefungua mlango? Kila Epic ni muuaji, hakuna mwema hata mmoja, na hatujui kwanini. Swali tamu mno. Kitabu cha tatu kinajibu: ni Calamity. Kuna kiumbe juu kule anachukia binadamu na chuki yake inavuja kupitia pawa anazogawa. Akiondoka, watu wanakuwa wazuri.

Sasa hapo si umewasafisha wote kwa maji mamoja? Prof hana kosa, Steelheart hana kosa, Regalia hana kosa, mwenye kosa yuko angani. Na ajabu ni kwamba Sanderson mwenyewe ameeleza wazo la hii sirizi lilivyomjia. Alikuwa anaendesha gari, mtu akamchomekea barabarani, akawaza kama ningekuwa na pawa ningelilipua gari lake. Alafu akajiogopa. Hapo hakukuwa na nyota nyekundu wakuu! Ilikuwa hasira ya mtu mmoja mwenye usukani. Sirizi ilianza na ukweli huo mchungu alafu kitabu cha mwisho kikaufunika blanketi. Hapo ndo kiliharibikia.

#19 Chuma cha Pua
Kalamu umepiga kwenye mshono. Nilikuwa nahisi hiki kitu nakosa maneno yake.

#20 Dogo Msomaji
Sindano imeingia hio

#21 Mwana wa Bawaba
Haijaingia, imegonga mfupa. Kalamu Kavu umeruka sehemu moja. Kabla Calamity hajaondoka kuna watu tayari walishaushinda ule ukatili. Megan aliushinda. David alipewa pawa mwisho wa Firefight akazikataa. Njia ilikuwepo siku zote: unakabili ile hofu yako kubwa. Kwahiyo aliyebaki mbaya alikuwa na mlango hajaupita. Nani kamsafisha nani?

#22 Kalamu Kavu
Mlango ambao hakuna aliyewaambia upo. Steelheart angejuaje?

#23 Mwana wa Bawaba
Hakuna aliyemwambia Megan pia.

#24 Tembe Mbili
Refa aongeze dakika jamani hii mechi nzuri

#25 Mtumishi Mstaafu
Vijana, mimi sio msomaji wa hizi za supahiro, kijana wangu ndo aliniwekea hii kwa sauti nisikilize nikiwa nafua na kupasi maana macho yananisumbua. Anayesoma ni MacLeod Andrews, kasoma zote tatu, na kijana huyu (Andrews) anajua kazi. Sauti ya Prof inabadilika kidogo kidogo. Kitabu cha kwanza ni baba anayekemea, cha tatu maneno karibu ni yaleyale lakini joto limetoka. Niliacha pasi juu ya shati. Shati lilikwenda.

Sasa kuhusu hoja ya Kalamu. Nilipokuwa kazini nilikuwa na mkubwa mmoja, simtaji wala sehemu siitaji, alikuwa mwenzetu kabisa, chai tunakunywa wote, ukifiwa ndo wa kwanza kufika. Akapandishwa. Ndani ya miezi sita tukawa tunaandika barua kuomba kumuona. Niliwahi kumkuta amekaa peke yake jioni ofisini taa hajawasha, nikamuuliza mkubwa vipi, akaniambia kila siku anaota anafukuzwa. Hofu. Ndo niliposikia Prof anaogopa kushindwa nikasema huyu mtu namjua. Mimi hilo la nyota halikunipa shida. Nyota au barua ya kupandishwa cheo, kitu kinachotoka juu ni kilekile.

#26 Bi Mkora
Mzee shikamoo. Pole kwa shati.

#27 Mtumishi Mstaafu
Marahaba. Lilikuwa jeupe.

#28 Kipanga
Mzee kanifanya nifikirie upya. Ila jamani turudi kidogo, kuna mtu atasema lolote kuhusu Larcener? Maana mimi twisti ile niliiona mapema sana. Jamaa anaiba pawa za wengine, ndiye aliyekuwa anatawala mji wa Ildithia kabla Prof hajafika, anaingia kwenye timu kazi yake kulalamika tu, hiki kibaya kile kibaya binadamu mna shida gani. Nikasema huyu sio mtu.

#29 Mchungaji wa Paka
Mimi sikumuona kabisa. Nilidhani ni mvivu tu. Nina shemeji yuko hivyohivyo.

#30 Zuwena K
😂😂😂 chunga sana shemeji yako

Ila tukiwa serious, Larcener kuwa Calamity mwenyewe ndo kitu kinachofanya yale mazungumzo ya mwisho yawe na maana. Chuma cha Pua umesema nyota imemalizwa kwa mazungumzo mafupi. Sio mafupi mkuu, yalianza alipoingia tu kwenye ile nyumba. Kila alipokuwa analalamika kuhusu binadamu alikuwa anatoa ushahidi wake mahakamani. Na David alipomuonesha dunia ya pili ambayo Calamity aliondoka na watu wenye pawa wakawa wema, hapo kesi imeanguka. Ni kesi ile. Haikuwa vita hata kidogo. Tulienda uwanjani tukakuta mahakama ndo maana tunanuna.

#31 Chuma cha Pua
Tulienda uwanjani tukakuta mahakama. Dah. Naomba niikope hii. Lakini Zuwena, nani aliniuzia tiketi ya uwanja? Ni yeye mwandishi!

#32 Mzee wa Jalada
Mimi bado nasema haraka. Hakimu alisikiliza shahidi mmoja tu.

#33 Ngazi ya Tatu
Kuna maelezo mengine hamjayagusa. Zile dunia nyingi ziliwekwa pale makusudi kufungulia njia kazi nyingine. Alikuwa na mpango wa The Apocalypse Guard, ingetumia hizohizo dunia nyingi za Reckoners. Ndo maana mwisho wa Calamity umeacha milango wazi, ile haikuwa tamati, ilikuwa korido.

#34 Zuwena K
Na korido ikafungwa. Apocalypse Guard alikiondoa kwenye ratiba 2017 hakuridhika nacho, nafasi yake ikachukuliwa na Skyward iliyotoka 2018. Skyward haina uhusiano na Reckoners.

#35 Ngazi ya Tatu
Sahihi. Lakini 2016 wakati anafunga Calamity alikuwa hajui kama atakiondoa. Kwahiyo hoja yangu imesimama.

#36 Dogo Msomaji
Kwani hamna kitabu kingine cha Reckoners? Nilisikia kuna cha Texas

#37 Ngazi ya Tatu
Kipo, Lux, 2021, kaandika na Steven Michael Bohls. Kilitoka kama cha kusikiliza. Timu nyingine kabisa, usitegemee kumkuta David. Na usisahau Mitosis, ile fupi ya kati ya cha kwanza na cha pili, ilitoka mwisho wa 2013. Unaimaliza kwa mkao mmoja.

#38 Tembe Mbili
Mitosis yule anayejigawa anakuwa wengi, udhaifu wake nyimbo za bendi yake mwenyewe 💀 ile ndo haki ya kweli duniani. Msanii anaumwa na albamu yake.

#39 Mchungaji wa Paka
Alafu wanasema kitabu hakina mafumbo ya kubashiri

#40 Mwana wa Bawaba
Turudi kwenye Ildithia basi maana hakuna aliyeusifia ule mji na mimi naona ndo kitu bora kwenye kitabu. Newcago, yaani Chicago ya zamani, mji wote umekuwa chuma, sawa. Babilar, Manhattan imezama majini rangi zinawaka usiku, nzuri. Lakini Ildithia! Atlanta nzima imekuwa chumvi na INATEMBEA. Upande wa nyuma nyumba zinabomoka zinakuwa unga, upande wa mbele nyumba zilezile zinaota upya, na watu wanafungasha vyombo wanahamia mbele kwenye nyumba ambayo wiki iliyopita ilikuwa haipo. Fikiria umelala unasikia ukuta unamwagika kama sukari kwenye gunia lililotoboka. Kila kitu chako lazima kiwe cha kubebeka. Hakuna wa kutundika picha ukutani.

#41 Kalamu Kavu
Hapa tuko pamoja. Na mji unaooza nyuma unaota mbele, alafu ndani yake wanajaribu kumrudisha mtu aliyeoza. Hakusisitiza, aliacha tu pale.

#42 Kipanga
Swali la kijinga. Mvua ikinyesha?

#43 Mwana wa Bawaba
Usianze.

#44 Kipanga
Chumvi na mvua jamani, naomba jibu la kisayansi

#45 Mwana wa Bawaba
Mji una miguu unakimbia mvua. Kaa chini.

#46 Jirani Mwema
Naombeni msaada. Mimi Calamity nilinunua cha mtumba na kurasa za mwisho hazipo, zimechanika safi kabisa kama mtu alitumia rula. Kwangu kitabu kinaishia David yuko anaelekea kwa Calamity, sentensi haijaisha, "and" alafu basi. Miaka mitatu naamini huo ndo mwisho. Nilikuwa nasifia kila mahali, nasema jamaa ni jasiri kumalizia kitabu na neno moja. Leo nasoma huu uzi naona mnataja mazungumzo sijui mahakama.

#47 Tembe Mbili
SUBIRI 😭😭😭😭

#48 Chuma cha Pua
Jirani Mwema wewe ndo msomaji pekee humu uliyeridhika. Nakuonea wivu.

#49 Bi Mkora
Usitafute hizo kurasa mwanangu.

#50 Zuwena K
Atafute! Anakosa kesi nzima!

#51 Mzee wa Jalada
Aliyezichana alikuwa mhakiki. Tumtafute apewe kazi.

#52 Jirani Mwema
Mbona kila mtu ananiambia lake, mwisho ni mzuri au mbaya?

#53 Kalamu Kavu
Ni mwepesi.

#54 Mwana wa Bawaba
Ni mzuri, uzito ulishawekwa kwa Prof.

#55 Mtumishi Mstaafu
Mimi nilikuwa nazima pasi sikusikia vizuri.

#56 Dogo Msomaji
Mimi kilichonichosha ni mifano ya David tu. Kitabu cha kwanza anasema sijui tofali la uji nikacheka. Cha tatu bado mifano inamwagika, watu wanakufa kaka, nyamaza

#57 Bi Mkora
Wee! Mifano ya David ndo roho yake. Kalelewa bila baba tangu ana miaka minane, kakaa miaka kumi anasoma kuhusu wauaji, ataongeaje kama wewe?

#58 Tembe Mbili
Tofali la uji ukiliacha jua kali linakuwa tofali tu. Nimejaribu.

#59 Kipanga
Acha chai

#60 Tembe Mbili
Chai na tofali la uji 😋

#61 Mgeni Rasmi
Habari zenu wakuu, nimefurahi kuona uzi wa Reckoners maana huwa hamna wa kuongea nae. Sijasoma komenti za juu naona ni ndefu. Mimi ndo nimeanza Steelheart juzi, niko sura ya nane. Huyu Prof nimempenda sana aisee, mkali lakini ana roho ya dhahabu. Naomba mniambie tu kama ataendelea kuwepo mpaka mwisho?

#62 Chuma cha Pua
Karibu mkuu. Ataendelea kuwepo.

#63 Mchungaji wa Paka
Atakuwepo sana.

#64 Zuwena K
Usipande juu kusoma komenti. Kabisa.